Mji Alioutoa Bi Somoe

Jua la saa saba haliombi ruhusa. Bi Somoe yuko juu ya dungu anaamia ndege wasiumalize mpunga, kamba ya makopo mkononi, moyo uko Kitope, ng'ambo ya mto, ambako binti yake Hidaya kajifungua juzi, na mtumbwi wa kumpeleka akamwone mjukuu unakuja alasiri. Anafumba jicho moja tu. La pili linafuata lenyewe, kama jirani aliyesikia harufu ya pilau. Anashuka. Ngazi ina vipago saba, yeye keshakanyaga arobaini na bado anashuka, na huko chini kisiwa chake kidogo cha Rufiji kimetoa barabara, barabara imezaa nyingine, zote zinarudi palepale penye mpunga. Amesimama bwana mmoja wa kanzu, uso hana, mahali pake ni laini kama yai lililomenywa. Bwana wee, anasema Bi Somoe, umetoka nyumbani ukasahau sura? Kitendawili, anajibu yule. Tega. Huku wananivuta, huku wananivuta, na mkono sina. Bi Somoe anataja kamba, anataja mume wa wake wawili, anacheka peke yake. Nimeshindwa. Basi nipe mji. Na kama walivyofanya utotoni, wakigawa miji ya watu bila huruma, anatoa ulio karibu na ulimi: chukua Kitope. Jibu ni kisiwa, anasema yule, maji yanakivuta huku na huku, ndicho ulichokikanyaga. Ng'ambo, mji unakunjwa kama mkeka, soko, msikiti, mashine ya kukoboa, panabaki nyasi. Umesalia ndani ya maji tu, miguu juu vichwa chini, na muuza vitumbua anafoka humo: We mama Hidaya! Umetugawa hata hukutuuliza? Hidaya naye yumo, kampa mgongo, anakwenda anazidi kuwa mdogo.

Mafuriko mawili yamemfunza. Halii kabla hajajaribu. Ngoja, zamu yangu. Kitendawili. Tega. Ninao, kila mtu anauona, mimi mwenyewe siuoni. Yule anapapasa palipopaswa kuwa na pua, anapapasa tena. Nimeshindwa. Ni uso, bwana! Nirudishie Kitope! Mji unakunjuka, mabati yanagongana. Umeupata, anasema yule akiondoka, ila nyuso zao hukuziomba.

Mama Hidaya, unalala ndege wanakula? Ni Mtopa, mwenye mtumbwi, anaita kutoka chini. Njia nzima anasukuma upondo kampa mgongo, na Bi Somoe, msemaji yule, hamwambii ageuke. Kitope kipo, mashine inakoboa. Chumbani kwa Hidaya mna giza na harufu ya ubani, mtoto kafunikwa kanga gubigubi. Mama, mbona umeganda? Kafanana na nani, mwanangu? Hidaya anacheka gizani: Wewe na maswali, si umfunue! Bi Somoe anapeleka mkono kwenye pindo. Hajavuta bado, kutoka chini ya kanga kitu kidogo chenye joto kinamshika kidole, kinakibana, na hakiachii.