Kuunyima Uvimbe

Mizani ya kliniki haimwonei mtu haya. Mwezi uliopita Fundi alikuwa na kilo sitini na moja. Leo hamsini na tatu. Daktari akavua miwani.

"Dawa imemshinda. Itabidi tuisimamishe."

Dada mtu, mjane aliyempokea kwake tangu alipotolewa figo lenye saratani, nayo ikazuka tena mapafuni, moyo ulimlipuka pa! Dawa ile ndiyo iliyokuwa tegemeo. Siku ya kwanza daktari aliwaeleza: seli za saratani hii zimegeuza ulaji wake, zinafakamia sukari na kujilimbikizia mafuta, na vidonge vinaziba njia hiyo ya kujilisha. Yeye akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Kuuliza aliona haya, na darasa lake la saba. Nyumbani akakata shauri: kama uvimbe unakula, tuunyime. Akafungia sukari sandukuni. Kisha mafuta. Kisha mayai, na sahani ikawa nusu. Kila sala akamwomba Mungu aibariki njaa ile.

"Dada, hata paka wa jirani ananihurumia," Fundi alimtania.

"Vumilia, mdogo wangu. Mvumilivu hula mbivu."

"Hizo mbivu zenyewe si umezifungia!"

Sasa daktari alimgeukia dada. "Mama, anakula vizuri?"

"Anakula," alijibu upesi.

Fundi alimtupia jicho mara moja tu, akainamisha kichwa. "Ni mimi, daktari. Hamu ya chakula sina."

Uongo ule ulimchoma dada kuliko kofi. Mtu amekonda hadi mkanda umetobolewa tundu jipya, bado anamsitiri aliyemkondesha! Na daktari ameshashika kalamu.

"Usiandike," dada alisema. "Nimesema uongo. Mimi ndiye ninayemnyima. Nilitaka uvimbe ufe njaa."

Daktari akavaa tena miwani.

"Mama, uvimbe haufi hivyo. Ukimnyima yeye, wenyewe unajitwalia mwilini mwake. Mbona hukuniuliza?"

Kalamu ilirudi mezani: dawa iendelee, mgonjwa ale, baada ya wiki mbili apimwe tena.

"Basi muulize leo," Fundi alisema. "Anza na mayai. Mawili yanaruhusiwa?"

Daktari akacheka. Dada hakuweza. Aliuliza akitazama sakafu, na alipojibiwa akaomba aambiwe tena, polepole, apate kushika.