Kiti cha Bi Selo

Usiku wa jana niliota nimepanda ndege ya kwenda Urusi, na aliyekaa dirishani kando yangu ni selo. Selo ni ile fidla nene, ukubwa wa mama wa watoto wanane, inayopigwa huku mpigaji ameibana kwa magoti. Amefunga mkanda. Anakula korosho zangu.

"Usinishangae," akaniambia. "Nimekatiwa tiketi. Kwenye mizigo wanaweka masanduku."

Nikasema samahani, Bi Selo. Kiti cha tatu alilala mzee mwembamba mwenye ndevu kama pamba, mdomo wazi.

"Huyo wangu," akaninong'oneza. "Inokenti Vorobishkin, mpigaji na mtunzi. Miaka sabini na mbili niko naye."

Umbea mimi sikatai. Nikamsogezea korosho, akafunguka.

Mzee alizaliwa mji wa baridi kali, ambako salamu huganda hewani na watu huziokota asubuhi. Baba yake mwoka mikate alimpeleka akajifunze fidla ndogo. Foleni ya fidla ilikuwa ndefu, ya selo haikuwa na mtu. "Hivyo ndivyo tulivyooana," Bi Selo akasema. "Kwa ajili ya foleni." Akiwa na miaka kumi na tisa akashinda tuzo, akazunguka miji sabini. Akaposa wanawake watatu, wote wakaondoka wakisema hawawezi kuishi na mke mwenza.

"Waliniona mkali," akasema. "Hawakukosea."

"Na ametunga nini?"

"Kitu kimoja, kwa miaka arobaini. Leo saa nne asubuhi kinafutwa."

Tukashuka ngazi za ndege, tukawa tumo ukumbini.

Mlangoni yupo mti wa kutundikia makoti. Amevaa miwani na ameshika kifutio kikubwa kama tofali.

"Koti," anasema.

"Sina."

"Basi chukua hili, ulivue."

Navaa, navua. Anaridhika. Kisha anasoma kanuni kwa sauti: muziki usiosikilizwa na ukumbi uliojaa haujatungwa. Viti ni mia tatu. Kikibaki kimoja kitupu, anafuta.

Naangalia. Viti mia mbili tisini na tisa vina watu. Kitupu ni kimoja tu, mstari wa mbele, kimebandikwa karatasi: SELO.

"Bi Selo, si chako hicho?"

"Changu. Watu wa ndege walianza kunikatia tiketi, kumbi zikaiga. Sasa nikikaa pale, yeye atapiga nini? Na nikipigwa, pale atakaa nani?"

"Si akalie mwingine?"

"Tiketi ina jina," anasema mti.

Mzee Inokenti ameshakaa jukwaani, upinde mkononi. "Mara kumi na moja nimekipiga, dada, mara kumi na moja wamekifuta. Kila mara nakiandika upya kwa kukumbuka. Lakini nina miaka themanini. Wakikifuta leo, sina pa kukitoa tena."

Maneno yale yakanichoma. Tangu nizaliwe sijaona shughuli ikaharibika kwa sababu ya kiti.

Nafungua dirisha la ukumbi. Nje hakuna theluji, ni Tanga, barabara ya kumi na mbili, na shoga yangu Mwanakombo yuko barazani anamenya vitunguu.

"Shoga, leta majamvi ya shughuli!"

"Nani kaolewa?"

"Hakuna. Kuna mzee wa Kirusi kazi yake inafutwa."

"Kafanya nini?"

"Katunga."

"Masikini wa Mungu! Chakula kipo?"

"Hakipo."

"Basi nakuja na watu wachache."

Akaja na kumi na wanane.

Tunatoa viti. Vinanuna. Kimoja kinasema kimechongwa kwa mbao za heshima, Mwanakombo anakijibu, "Heshima kaa nayo nje huko." Vinatoka kwa mstari, vinaburuza miguu. Warusi wanavua viatu, wanashuka jamvini. Soksi zao, jamani! Watu wamevaa tai za hariri, vidole gumba vinachungulia.

"Songeni!" napiga kelele. "Jamvi halijai mpaka mtu akalie pindo la mwenzake!"

Wanasonga. Mti wa makoti anapita kukagua, kifutio juu.

"Kiti kitupu..." anasema. "Kiti..."

"Kiko wapi?" namuuliza.

"Hakipo."

"Kisichokuwepo kinaweza kuwa kitupu?"

Anafikiri mpaka koti moja linamdondoka. "Pamejaa," anasema, na kifutio anakitia mfukoni.

Mzee anapiga. Sehemu ya kwanza inaumuka polepole kama mkate wa baba yake. Ya pili ni ile foleni: unasikia watu wanahama mguu huu kwenda ule. Ikaisha. Sasa desturi yao, kati ya sehemu na sehemu hakuna kupiga makofi wala kuguna. Mwanakombo nani kamwambia? Akaachia kigelegele kirefu, cha harusi kabisa.

Warusi wote wanageuka. Mti wa makoti anaingiza mkono mfukoni.

Mzee Inokenti anashusha upinde. Anatoa penseli nyuma ya sikio, anaandika kitu kwenye karatasi zake.

"Miaka arobaini," anasema, "hapo palikuwa na pengo. Sikujua linataka nini." Anamtazama Mwanakombo. "Mama, rudia. Lakini upande juu kidogo."

"Kupanda tu?" anajibu Mwanakombo. "Kaa vizuri."

Anapanda, Bi Selo anamfuata kwa chini, wakaenda hivyo mpaka mwisho wa sehemu ya nne. Ukumbi ukalipuka. Mimi hata makofi sikuweza kupiga, bibi mmoja wa Kirusi alikuwa amenikalia nusu.

Nikaamka. Jua limeshaingia chumbani. Baba Hidaya, mume wangu, amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai, anatazama mguu wangu. Nami nikatazama. Kuanzia gotini kupanda juu, ngozi imechorwa alama za jamvi, ukili kwa ukili. Nyumbani kwetu jamvi hakuna. Tunalalia godoro.

"Mama Hidaya," akasema taratibu. "Ulilala wapi?"

"Usiwe na wasiwasi, mume wangu," nikamjibu. "Tulikuwa zaidi ya mia tatu."