Bila Dole la Meneja

Mume wangu ni mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni. Kwa miaka kumi na moja hajapotelewa na msumari hata mmoja, na cheti kinachosema hivyo kimetundikwa sebuleni kwetu, juu ya picha ya harusi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia chakula cha nyumbani kinaisha tarehe ishirini badala ya thelathini, hakuulizi kama mmeshiba. Anakuuliza, "Kimetoka kwa fomu gani?"

Ndivyo alivyoniuliza. Nilikuwa nimempakata mtoto mkono mmoja, mwingine unakoroga uji, na barua ya kazini imebandikwa kwenye mlango wa friji. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Likizo ya uzazi ilikwisha, likizo bila malipo niliyoongezewa nayo inakwisha, na nisiporipoti maabara ya maji Jumatatu tarehe mosi, nafasi yangu itatangazwa. Diploma ile niliisotea miaka mitatu. Sikuwa tayari kuifanya kifuniko cha sufuria.

"Tutafute mlezi," nilimwambia.

"Kwa pesa ipi? Chakula chenyewe hakifiki."

"Kikifika je?"

Akafikiri. "Kikifika mwisho wa mwezi, mlezi aje, wewe urudi kazini. Kisipofika, andika barua ya kuacha kazi, ukae na mtoto mpaka aanze shule."

Tukapeana mikono kama watu wanaouziana gari.

Kesho yake alirudi na kufuli, daftari na kitabu cha fomu. Kabati la jikoni likawa stoo, ufunguo mmoja kwake, mmoja kwangu. Kila kitu kinachotoka kijaziwe fomu nakala tatu: nyeupe yangu, ya njano yake, ya pinki inabaki na mali.

"Mali ikiwa kitunguu," nikauliza, "nikishakikaanga nakala ya pinki inakwenda wapi?"

"Inakifuata."

Wiki hiyo tuliikuta moja kwenye maharage. Aliitoa na kijiko, akaikausha dirishani, akaiweka kwenye faili.

Lakini tatizo halikuwa karatasi. Sheria mama ya stoo, alisema, ni kwamba anayeomba mali hawezi kuwa ndiye anayeidhinisha. Mimi ninaomba. Yeye anaondoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Mchana nani ataidhinisha?

Tukatazamana. Kisha, sijui nani alianza, tukamtazama mtoto. Alikuwa na miezi saba, ameketi ndani ya beseni lililozungushiwa mito, anapiga ukingo wake kwa kijiko kama mwenyekiti anayetaka utulivu.

"Huyu hana upendeleo," mume wangu alisema taratibu.

"Hana meno."

"Ndiyo maana. Hawezi kutafuna mali."

Siku hiyo mtoto akapata cheo, na jina likamganda: Meneja. Badala ya sahihi angetumia dole gumba. Wino niliukataa, maana dole la mtoto makao yake ni mdomoni. Tukakubaliana juu ya maji ya bitiruti. Yanakolea, yanaonekana vizuri kwenye karatasi, na akiyalamba hadhuriki.

Sasa, mimi ni mtu wa vipimo, na nasema kwa haki: Meneja alikuwa na msimamo. Viazi aliviidhinisha bila maneno. Malenge alikuwa akinyoosha dole kabla sijamaliza kujaza fomu. Vitunguu aliviwekea ngumi. Na siku ya tatu alikataa mchele kuanzia saa tano hadi saa nane. Nilimwimbia, nikamtekenya, nikamwonyesha mchele wenyewe. Ngumi. Kumkunjua vidole kwa nguvu kulikatazwa, kwani chini ya fomu mume wangu alikuwa ameandika, *Imeidhinishwa bila kushurutishwa.* Nikala kiazi cha kuchemsha. Meneja akanyonya, akashiba, akalala.

Tarehe nane akaja mama mkwe na kuku jike kwapani. Mume wangu alimpokea mlangoni, akabeba mfuko wake, kisha akafungua daftari la mali iliyoingia.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Mama mmoja, hali nzuri. Kuku mmoja, hai."

"Nani umemwandika kwanza?"

"Wewe, mama."

"Afadhali." Akavua viatu. "Nilidhani nimezaa mtoto, kumbe nimezaa ghala."

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwetu alipewa fomu siku ya kwanza, kabla ya chai. Mama mkwe hakulalamika. Aliinama kwenye beseni, akamwambia mjukuu wake, "Mume wangu, mke wako nimetoka safari. Nitilie dole nipate sukari." Meneja akacheka, akanyoosha mkono mzima. Tangu hapo chochote alichoomba bibi kilipita. Nikaanza kumtumia yeye kuomba vitunguu.

Aliyevuruga mambo ni kuku. Siku ya pili alitaga kwenye kapu la nepi safi. Nililipeleka yai kwa mume wangu jioni, nikidhani nampelekea habari njema. Alilitazama kama mtu aliyeletewa bomu.

"Limetoka wapi?"

"Kwa kuku. Unataka kuona?"

"Mayai yaliyoingia ni trei moja, thelathini. Hili ni la thelathini na moja. Hii ni ziada."

"Si vizuri?"

"Ziada ni mbaya kuliko upungufu!" Sauti ilimpanda. "Upungufu ni wizi, unamtafuta mwizi, basi. Ziada maana yake hujui hata ulicho nacho. Mimi yai lisilo na risiti siliingizi."

"Kuku ndiye risiti," mama mkwe akasema.

Hakuliingiza. Kuku naye hakuacha. Mama mkwe akawa anayaokota bila neno na kuyapanga kwenye mfuko wake wa safari, kati ya kanga mbili. Mayai yalikuwepo nyumbani, ila kisheria hayakuwepo.

Nilikuwa nimeanza kupumua. Kwa jinsi Meneja alivyobana, nilijua chakula kingefika. Nilipiga pasi koti langu jeupe la maabara na kulitundika mahali ninapoliona nikiwa nanyonyesha. Kumbe furaha yangu ilikuwa ya mapema.

Jumatano tarehe ishirini na sita nilifungua kabati kuchukua mayai ya jioni. Trei tupu. Mtungi wa karanga, mtupu. Sukari imebaki ya kuzibia jino. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari.

"Mbona tupu?" nikauliza.

"Mimi ndiye wa kuuliza. Daftari liko sawa." Akasoma. "Mayai mawili, Jikoni. Karanga robo, Jikoni. Mayai mawili, Jikoni. Sukari, Jikoni. Karanga, Jikoni. Zote zina idhini ya Meneja. Jikoni ni nani kama si wewe?"

"Sijaonja karanga mwezi huu!"

"Karatasi hazisemi uongo, mke wangu." Hakusema kwa kunikomoa, hilo ndilo lililoniuma. Alisema kwa huruma. Akanivutia kiti, akaniwekea mezani karatasi safi na kalamu. "Andika barua yako. Tulipeana mikono."

Nilikaa. Nilitazama koti langu ukutani. Meneja alikuwa mapajani kwangu akijaribu kula kalamu. Nikaandika anuani. Nikaandika tarehe. Nilipofika kwa *Ndugu Mkuu wa Maabara*, mkono ukagoma.

"Lete nakala za njano," nikasema.

"Za nini?"

"Nazitaka. Mwombaji ana haki ya kukagua. Au haipo kwenye sheria zako?"

Ilikuwepo. Akazileta.

Nilizipanga mezani mafungu mawili. Upande huu fomu nilizojaza mimi na mama mkwe: madole madogo mekundu, kila moja kama punje ya maharage. Upande ule fomu za Jikoni. Kazi yangu ni kutazama vitu vidogo siku nzima na kusema kipi ni kipi, na sikuhitaji hata kuvaa miwani. Dole la Jikoni lilikuwa nene, bapa, la mviringo. Na pembeni yake, kwenye kila karatasi, palikuwa na vidoa vinne vilivyoshuka kimoja baada ya kingine kama ngazi.

Nikamlaza Meneja juu ya meza, nikamvua soksi, nikachovya mguu wake kwenye bitiruti, nikaugandamiza kwenye barua yangu ya kuacha kazi.

Dole nene. Vidoa vinne. Ngazi.

"Mama," nikamwita mama mkwe. "Njoo uone. Mtoto ameidhinisha kwa mguu."

Mama mkwe alikuja, akatazama karatasi, akatazama mguu, halafu akamtazama mwanawe. "Wewe," akasema. "Karanga tena?"

Mume wangu, mtu wa miaka kumi na moja bila msumari kupotea, alikaa sakafuni kando ya beseni.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

"Si ungejaza fomu?"

"Nilijaza! Siku nne mfululizo. Mimi nikiomba ananikunjia ngumi. Ninyi anawapa, mimi ananitazama tu. Asubuhi wewe ukiingia kuoga, yeye amelala, ngumi amezifunga, lakini mguu umetoka nje ya blanketi..." Akafuta uso. "Mayai nilikuwa nayachemshia kazini, kwenye birika."

"Na kabla ya fomu?" nikauliza. "Miezi ile yote chakula kilipokuwa kinaisha tarehe ishirini?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye sare ya kiwanda, mfuko wa kushoto. Niliupekua siku hiyohiyo, maganda ya karanga yakajaa kiganja.

"Kwa nini usiniambie una njaa, baba wa watu?"

"Mtunza stoo haombi kwa mdomo."

Mama mkwe alikwenda chumbani, akarudi na mfuko wake wa safari. Akayatoa mayai moja moja, akiyapanga kwenye trei tupu, na kila yai akiligongesha kidogo mezani ili mwanawe asikie. Yalikuwa kumi na manne. "Na kesho atataga tena," akasema. "Chakula kitafika tarehe thelathini, bila karanga. Karanga hazijamuua mtu kwa kukosekana."

"Hayo hayana risiti," mume wangu akasema, lakini kwa sauti ya mtu aliyezama hadi shingoni.

"Kiwandani kwenu," nikamuuliza, "mtunza stoo akikutwa na sahihi za kughushi anafanywa nini?"

Kuhusu sheria za stoo hawezi kudanganya. "Anakabidhi ufunguo. Anakaa nyumbani uchunguzi ukiendelea."

"Una siku ngapi za likizo ambazo hujawahi kuchukua?"

"Mia moja na tisa."

Mama mkwe akanyoosha mkono. Ufunguo ukatua kiganjani mwake. Mlezi alikuwa amepatikana, na mshahara wake kiwanda kitalipa.

Tarehe thelathini tulikula mayai na viazi, na yakabaki mayai matatu. Jumatatu nilivaa koti langu. Barua yenye mguu mwekundu nimeifanyia fremu. Iko sebuleni, pale kilipokuwa cheti.

Saa saba mchana, nikiwa na sampuli za maji mbele yangu, simu ikalia.

"Mke wangu. Meneja amekula uji, amebadilishwa nepi. Sasa mimi nataka kula."

"Umejaza fomu?"

"Nakala tatu. Amenikunjia ngumi."

"Ameamka?"

"Ameamka. Ananitazama tu." Akashusha sauti. "Je, mguu...?"

Kabla sijajibu, nilimsikia mama mkwe kwa mbali, karibu na beseni, akimbembeleza mjukuu wake kwa sauti tamu kabisa:

"Kaza hivyohivyo, mume wangu. Usimpe."

Nikakata simu, nikarudi kwenye maji yangu.