Pengo Kati ya Joris na Tibo

Nilimkana binti yangu mezani kwangu mwenyewe, saa nne asubuhi, huku nikimimina kahawa. Hakuna aliyenishikia kisu. Bwana Odilon wa kamati ya Farasi aliuliza swali la kawaida kabisa, nami nikamjibu bila kupepesa macho, kisha nikamkaribisha biskuti ya pili. Tangu siku ile nimekuwa mama wa kuheshimika mjini, na kila heshima ninayopewa inanichoma.

Watu wa Aalst, mji jirani, wanatucheka sisi na Farasi wetu. Wanasema watu wazima na akili zetu tunalilia mbao na manyoya. Waache wacheke. Farasi hutoka mara moja tu kila miaka kumi, mrefu kama nyumba ya ghorofa, amebebwa na wanaume kumi na wawili waliojificha chini ya sketi yake, na mgongoni wamekaa ndugu wanne wenye mavazi ya chuma na panga mkononi. Kengele za mnara zikianza wimbo wake, hata meya hupangusa macho. Mume wangu Staf alikuwa mbebaji kwa miaka ishirini, na baba yake kabla yake. Bega lake la kulia limeshuka mpaka leo, na hulionyesha kwa wageni kama mwenzake anavyoonyesha gari jipya.

Hao wanne hawachaguliwi kwa sura wala kwa utajiri. Lazima wawe ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa mji huu, wazazi wao wazaliwa wa hapa hapa, na wawe wamezaliwa wakifuatana, wavulana watupu. Akiingia msichana katikati, basi, imekwisha. Mimi nina Wannes, Joris, Tibo na Lander. Ukiwatazama kwenye picha unaona wanne. Tumboni mwangu walipita watano.

Aliyefuata baada ya Joris alikuwa msichana. Alizaliwa katika hospitali ya mji mwingine, mimba ikiwa ya miezi saba, na hakulia. Muuguzi alimfunga kwenye taulo jeupe akaniuliza kama ningependa kumshika, nikasema hapana. Akauliza jina, nikasema haina haja. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilichotaka ni kwenda nyumbani tu. Staf akatia saini karatasi zilizotakiwa. Tumbo lilikuwa dogo chini ya nguo zangu pana na hakuna aliyeligundua, kwa hiyo tulikubaliana tusiseme kwa mtu, na kutosema huko kukawa mazoea ya nyumba, mpaka hata sisi wawili tukaacha kuambiana. Miaka ikapita, akaja Tibo, kisha Lander.

Sasa, sisi hatukuwa chaguo la kwanza. Kamati ilikuwa imechagua wana wa Ludwina Praet, anayekaa karibu na daraja. Majina yao yalishatoka gazetini, mavazi yalishapimwa, na mdogo wao, Jasper, alishashonewa glavu. Ndipo Ludwina, kwa miguu yake mwenyewe, akaingia kwenye kikao cha kamati na kuwaambia kwamba kati ya mwanawe wa tatu na wa nne alizaa msichana, katika hospitali moja huko Ghent, akaishi dakika arobaini. Kitabu cha vizazi cha mji wetu hakikuwa naye. Hakuna mtu ambaye angejua mpaka kiama. Wazee wa kamati walibishana wiki nzima, mwishowe wakaamua kwamba aliyezaliwa amezaliwa. Wakawatoa vijana wake.

Mji ukachemka. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya duka la mkate la Nadine habari ilipofika.

"Mjinga kweli yule mwanamke," alisema Nadine, akinikatia mkate vipande. "Dakika arobaini tu! Ningekuwa mimi, ningefyata mdomo wangu hadi kaburini."

"Anatafuta kuonewa huruma," nikasema.

"Huruma ya nini tena?"

"Wako watu, shoga yangu, wakikosa cha kuzungumza wanafukua makaburi."

Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Maneno hayo niliyasema mimi, mama wa mtoto ambaye sijui hata amezikwa wapi. Nilitoka na mkate wangu kwapani nikatembea hadi nyumbani nikiwa nimejaa hasira, na hasira yote ilikuwa juu ya Ludwina.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Odilon, mwenyekiti wa kamati, mwenye masharubu ya njano kwa tumbaku, na wazee wenzake wawili. Nilijua walichofuata kabla hawajavua kofia. Staf naye alijua, maana alivuta viti vyote vinne kwa pamoja kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Lutgart, mama," Odilon akaanza, "baada ya yale ya kina Praet tumeona heri tumuulize kila mzazi uso kwa uso. Usichukie."

"Nichukie nini? Ulizeni."

Akavaa miwani, akafungua daftari. "Wannes na Joris, miaka miwili kati yao. Sawa. Tibo na Lander, mitatu. Sawa. Lakini Joris na Tibo, miaka mitano! Pengo gani hilo? Mlikuwa mmesusiana?"

Wenzake wakakenua. Staf akainama kutazama viatu vyake. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake niliona miguu ya soksi, jozi nne, imetulia tuli. Wanangu walikuwa wanasikiliza wakiwa wameshikilia pumzi. Tangu wakiwa wadogo walikuwa wanapandana mgongoni kochini na kuimba wimbo wa Farasi, na Lander ndiye aliyekuwa anakaa mbele.

"Tulikuwa tunajenga nyumba," nikasema.

Basi, hayo tu. Kwetu hakuna jibu zuri kuliko hilo. Mke na mume wakianza kujenga, kila mtu anajua hakuna maisha tena. Baba yuko juu ya paa kila Jumamosi, mama amejaa vumbi la chokaa hadi kwenye kope, na watoto watasubiri vigae viishe. Odilon alijipiga paja kwa kicheko.

"Hilo nalijua, jamani! Mama watoto alinifukuza kitandani mpaka nimalize bafu!"

Akaandika kitu kwenye daftari. Mimi nikamimina kahawa bila kumwaga hata tone. Jambo baya zaidi ni kwamba sikusema uwongo. Tulikuwa tunajenga kweli. Wiki mbili tangu nitoke hospitali nilikuwa nje nachanganya saruji, na maziwa yakinilowesha blauzi, na mama mkwe akinisifu kwamba mimi ni mchapakazi.

"Kwa hiyo binti hakuna katikati," Odilon akasema, ili kumaliza.

"Hakuna."

Kelele zilizotoka kwenye ngazi zilitikisa vikombe. Wanangu waliniangukia wote wanne kwa pamoja, wakanibana hadi nikakosa hewa. Wazee wakapiga makofi. Staf alilia, na Odilon akampigapiga bega lile lililoshuka.

Walipoondoka, Staf alisimama kwenye sinki akiosha vikombe.

"Umefanya vizuri," akasema, bila kunigeukia.

"Usiniambie nimefanya vizuri."

"Sasa niseme nini?"

"Usiseme kitu."

Ni mtu msikivu. Hajasema kitu mpaka leo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Mei, jua kali. Mimi niliwekwa kwenye roshani ya jumba la mji, kando ya meya, nimepewa shada kubwa lililonizidi kifua. Uwanja ulifurika watu, vichwa hadi kwenye madirisha na juu ya mapaa. Farasi alipokata kona ya barabara na kengele kuanza, watu walinguruma, na nikawaona wanangu juu kule, chuma kiking'aa, Lander akiwa mbele amekunja uso kwa ukali kama jemadari. Nilitokwa na machozi. Mpiga picha wa gazeti hakukosea shabaha, na kesho yake niliamka nikiwa ukurasa wa kwanza, chini yangu pameandikwa "Fahari ya Mama".

Gazeti halikuona nilichokuwa nakitazama. Chini kabisa, mbele ya duka la dawa, alisimama Ludwina na wanawe wanne, wamevaa makoti ya kawaida kama watu wengine. Jasper alikuwa amegeuka kutazama ukuta. Ludwina alikuwa anawapigia wanangu makofi. Alipoinua macho na kuniona, akanipungia mkono, mkono mzima, kwa moyo mmoja. Nilirudi nyuma nikajificha nyuma ya bendera.

Baada ya hapo nikatakiwa kwenye makumbusho. Ni jumba la zamani la wachinjaji, na chumba cha juu ni cha Farasi: panga, hatamu, picha za ndugu wanne wa kila miaka kumi. Mama wa wale wa mwisho huombwa kujitolea kukaa pale Jumatano mchana, ili wageni wapate wa kumuuliza. Nikakubali, maana ningekataa kwa sababu gani? Nikawa nakaa kwenye kiti chini ya picha ya wanangu, nikichana tiketi na kukataza watu kugusa.

Jumatano moja ya mwaka jana, majira ya kuchipua, Ludwina alipanda ngazi, ana mfuko wa karatasi mkononi.

"Habari za mchana, Lutgart. Nimeleta glavu za Jasper. Niliambiwa mnapokea vitu."

"Tunapokea, ndiyo. Karibu kiti."

"Mikono imekuwa mikubwa, haziingii hata vidole viwili." Akaziweka mezani. Ngozi laini, nyeupe, uzi wake bado unang'aa.

Kila kitu kinachopokelewa huandikiwa kadi. Nikaandika glavu, nikaandika jina la mtoaji. Kwenye mstari wa historia kalamu ikasimama.

"Hapa niandike nini?"

"Andika hazikuvaliwa."

"Hivyo tu?"

"Andika hazikuvaliwa kwa sababu Jasper ana dada yake, Klara."

Alisema "ana", kama mtu anayezungumzia msichana aliyekwenda shule. Niliiweka kalamu chini.

"Hata mimi," nikasema.

"Hata wewe nini?"

"Kati ya Joris na Tibo. Msichana. Ile habari ya nyumba, tulikuwa tunajenga kweli, lakini..."

Ludwina alikaa chini polepole, bado amevaa koti. Aliitazama picha iliyokuwa juu ya kichwa changu, kisha akanitazama mimi.

"Jasper alilia wiki tatu," akasema. "Aliniuliza kwa nini sikunyamaza. Mwaka mzima alikataa nimbusu. Unajua hilo?"

"Najua."

"Hujui. Na kule kwa Nadine wakanicheka, eti nafukua makaburi."

"Ludwina, maneno hayo..."

"Ni yako. Nadine aliniambia siku ile ile. Nilidhani umesema tu kwa kutojua uchungu wenyewe. Nikakusamehe kwa sababu hiyo."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Yeye hakupandisha sauti wala hakulia. Angenitukana ningepata nafuu.

"Sitakwenda kwa Odilon," akasema. "Wanao hawana kosa, na Farasi ameshapita. Nataka kujua kitu kimoja tu. Anaitwa nani?"

"Hatukumpa jina."

"Hata moyoni?"

Moyoni alikuwa nalo. Nilimchagulia mapema, nikiwa na mimba ya miezi minne, siku moja nikianika nguo, na tangu hapo sikuwahi kulitamka mbele ya kiumbe yeyote.

"Basi litaje sasa," akasema Ludwina, na sauti yake ikalainika kidogo. "Tuko wawili tu. Litaje nilisikie, halafu nitakwenda zangu."

Nikavuta pumzi. Naapa nilikuwa nataka kulitaja. Kisha ngazi zikalia kwa vishindo na vicheko, wakaingia wastaafu wa Aalst kama ishirini hivi, mbele yao mzee mmoja mnene mwenye mwavuli mwekundu.

"Haya, farasi wao wa mbao yuko wapi?" akasema. Kisha akaiona picha, akaniona mimi chini yake. "Ala! Wewe ndiye mama wa hawa? Nilikuona gazetini! Wanaume wanne ndani ya nyumba, pole sana, mama! Hukujaliwa hata binti mmoja wa kukusaidia vyombo?"

Wakacheka wote, kicheko kizuri, cha watu waliotoka kula vizuri. Ludwina hakucheka. Alikuwa amekaa kando yangu, mikono mapajani, ananisubiri. Sikuwa mbele ya kamati. Hapakuwa na miguu ya soksi nyuma ya mlango, wala hakuna ambaye angenyang'anywa kitu. Wageni wale wangekwenda zao na basi lao wakasahau.

"Sikujaliwa," nikasema. "Walikuja wavulana watupu."

Ludwina akainuka, akaukunja mfuko wake wa karatasi mara mbili, akautia mfukoni.

"Kadi yangu iandike yote," akasema, akashuka ngazi.

Nikaiandika. Niliandika jina la Klara kwa mwandiko mzuri kuliko wote nilio nao, na glavu ziko kabatini, mtu yeyote anaweza kwenda kuzitazama. La binti yangu bado liko nami. Nimekueleza kila kitu, aibu juu ya aibu, hadi maneno ya dukani, na hata wewe nimekunyima jina lake.