Ulilia Saa Ngapi?

Bibi Scholastika alizalisha wanawake wa Mungaa kwa miaka arobaini na mitatu, na uzeeni akawa na rafiki mmoja ambaye hajawahi kumtia machoni: Binti Mfalme Liselot wa Uholanzi. Usicheke. Wapo wanaofuatilia mpira wa Ulaya, wapo wanaofuatilia ndoa za wasanii, na hakuna anayewauliza. Scholastika alimfuatilia mtoto wa mfalme.

Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo kazi ya kusoma ilikuwa ya binti yake, Dina. Huyu Dina alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake kilichoomba nyumba ya kusubiria wajawazito pembeni ya zahanati, na mfuko wa hisani walioupelekea maombi ulikuwa chini ya huyo binti mfalme. Ndivyo ukurasa wake ulivyoingia kwenye simu ya Dina. Kila jioni, vyombo vya ugali na mlenda vikishaondolewa, mama aliuliza, "Haya, rafiki yangu leo kafungua nini?"

Dina alisoma. Leo kafungua maktaba. Leo kawatembelea wazee wasio na watu, kanywa nao chai. Leo kavaa buti za mpira, anapaka rangi uzio wa shule pamoja na watu wa kujitolea. Leo yuko wodi ya watoto njiti, kampakata mmoja.

"Ana mikono mizuri," mama alisema juu ya picha hiyo ya njiti, simu ikiwa karibu kugusa pua. "Tazama alivyoshika shingo. Huyo kafundishwa." Kisha akaanza uchokozi wake. "Ila kazi yake ni yangu hiihii. Unaingia nyumba za watu, wanakuchemshia chai, unauliza maswali, unashika mtoto, unaondoka. Tofauti yetu ni gari." Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Siku moja ikaja picha ambayo haikumchekesha. Binti mfalme alikuwa amevaa koti jeusi, mkasi mkononi, anakata utepe kwenye shule ya watoto wasioona. Anatabasamu. Maelezo ya chini yalisema alikuwa amemzika mama yake siku nne kabla.

"Siku nne?" mama akauliza. "Na nywele zake si hizo kichwani?"

"Wao hawanyoi, mama."

"Na nani kamruhusu atoke nje? Hana mashangazi?"

"Ni ratiba, mama. Ratiba yao inapangwa mwaka mzima."

Mama aliishikilia simu muda mrefu, hata kioo kikazima mkononi mwake. Kwao Unyaturu mfiwa hashiki jembe, hapiki, hachekei wageni. Kazi yake ni moja, na kazi hiyo ni kulia. Tena kilio chenyewe kina mwenyewe. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na pale kijijini neno hilo halikuwa msemo wa kupambia mazungumzo. Mpaka mtoto wa marehemu aangue kilio, jirani haingii uani, jembe haligusi kaburi, na aliyekufa anahesabiwa yu njiani tu, hajaagwa.

"Maskini," mama akasema. "Akija huku nitamuuliza neno moja. Siku ile ulilia saa ngapi?"

Dina alidhani ni maneno ya kupitisha jioni. Lakini ziara ikaja kweli. Mwezi wa sita walifika watu wa kutangulia, wakapima kila kitu, hata hatua kutoka barabarani hadi mlango wa zahanati. Wakaandika majina ya watakaosalimiana na mgeni. La kwanza lilikuwa la Bibi Scholastika, mkunga mzee kuliko wote. Mama akanunuliwa kitenge cha sare, akakijaribu mara tatu. Kila aliyepita kumjulia hali, mama alimwapia kwamba swali lile ataliuliza, hata waziri awepo.

Mwezi wa saba upepo wa Singida haumwonei mtu haya. Ulikiingia kifua cha mama juma zima kabla ya ziara, na dawa za zahanati zikakituliza kisha kikarudi. Asubuhi ya siku yenyewe, saa mbili, Dina alikuwa amemwinua kitandani anamnywesha uji wa ulezi. Alimeza vijiko viwili. Cha tatu hakukimeza. Dina alifuta kidevu, akaita, akaita tena, na jirani yao, Bibi Amne, aliyekuwa ameketi mlangoni akipepeta dengu, akaweka ungo chini na kuja kuyafumba yale macho kwa kiganja chake.

Dina akafungua kinywa.

"Hodi hapa!" Sauti ilitoka uani. "Dada Dina, tunakusubiri wewe tu, wanawake wameshajipanga!"

Alikuwa Alute, mwenyekiti wa kijiji, na shati lake jipya lenye mikunjo ya dukani. Aliinama kupita mlangoni, akaona kitanda, akavua kofia. Akaketi pale pale sakafuni. Tusimfanye Alute kuwa mtu mbaya. Alizaliwa ametanguliza miguu, na mikono iliyomtoa ndiyo hiyo iliyokuwa imelala juu ya blanketi.

"Dada," akasema, "nakuomba kitu ambacho mtu hamwombi mwenzake."

"Usiseme, mwenyekiti."

"Watu wa usalama walisema mbele yako. Pakiwa na mkusanyiko ambao hawakuupanga, msafara haushuki. Utapitiliza moja kwa moja Kinampanda. Na wale wa Kinampanda wameomba nyumba hiyohiyo." Alikuwa analia anaposema, machozi yanaingia kwenye ndevu. "Ukilia sasa hivi, kijiji kizima kitakuwa uani hapa kabla ya saa nne. Saa tano anafika. Saa sita na nusu ameondoka. Nipe mpaka hapo tu."

Dina alimtazama mama yake. Kisha, bila kutaka, akamwona Rahel. Rahel alikuwa dada yake, aliyefia kwenye mkokoteni wa ng'ombe miaka kumi na moja iliyopita, katikati ya pori, hospitali ikiwa mbali na mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Mama yao alikuwa amemshika mkono njia nzima, ujuzi wake wote umemwishia. Tangu siku hiyo Scholastika aliitaka nyumba ile kuliko alivyotaka mbingu. Padri alimwonya kwa kusema hivyo, naye akasema tena.

Kilio kilikuwa kimeshafika kooni. Dina alikimeza, na kilishuka kwa shida, kama kiazi cha moto.

"Nenda," Bibi Amne akamwambia. "Nitakaa naye. Nitafunga mlango. Lakini ujue, mwanangu, naufunga kwa ajili yako na Rahel. Siufungi kwa ajili ya mfalme wa mtu."

Akanawa uso. Akavaa sare. Kitenge cha mama kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti, rangi zilezile, na akakipita bila kukigusa.

Njiani wakamuuliza wote, maana hakuna asiyemjua. "Shikamoo, dada. Bibi anaendeleaje?" Alijibu, "Marahaba. Anapumzika." Mara ya kwanza ulimi ulimwuma. Ilipofika mara ya sita neno lilitoka lenyewe, na hilo ndilo lililomtia hofu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Dina alisikia wanawake wakilifanyia mazoezi neno hilo wimboni, akaimba nao, akapiga makofi.

Msafara ulifika saa tano na dakika ishirini, magari saba, na vumbi lake likafika kabla yake. Binti Mfalme Liselot alikuwa mrefu, wa makamo, viatu vya chini, mikono ya shati imekunjwa. Alifanana na picha zake, isipokuwa chini ya macho, ambako picha huwa hazifiki. Alisalimia mmoja mmoja, akashika watoto, na kweli aliwashika vizuri, kiganja chini ya shingo. Akaweka jiwe la msingi. Vigelegele vikapigwa. Dina alipiga cha kwake, kikatoka kikavu, akakisikia mwenyewe kama cha mtu wa mbali.

Kisha chai. Mgeni aliketishwa kwenye benchi la zahanati, Dina kulia kwake, Alute kushoto. Mkalimani, binti mmoja wa Dodoma aitwaye Peniel, alichuchumaa mbele yao na karatasi. Binti mfalme akaiangalia karatasi ile, akauliza jambo.

"Shikamoo, mama," Peniel akamwambia Dina. "Anasema kwenye orodha yake yupo mkunga mzee, Bibi Scholastika. Amesoma habari zake. Yuko wapi?"

Alute aliinamia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama ndani.

"Ni mama yangu," Dina akasema. "Amelala."

Peniel alitafsiri. Mgeni akatikisa kichwa taratibu, akasema pole, neno hilo alikuwa amefundishwa. Hapo palitosha. Ratiba ilikuwa imebakiza dakika tano, maneno yaliyopangwa yalikuwa yameisha, na mtu mwenye akili angemkaribisha mgeni kitumbua. Lakini Dina alimfikiria mama yake nyuma ya mlango uliofungwa, ameshikiwa zamu na jirani, hajaagwa, hajaliliwa, na swali lake mfukoni.

"Ameniagiza neno," akasema. "Mwambie mama yangu anamfuatilia siku nyingi. Aliona picha yake anafungua shule ya wasioona, siku nne baada ya kumzika mama yake. Mama anauliza: siku ile, ulilia saa ngapi?"

Peniel akasita. "Mama, hilo halipo kwenye yaliyopangwa."

"Halipo. Tafsiri hivyohivyo."

Peniel akatafsiri, kwa sauti ndogo. Tabasamu la mgeni halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kidogo, halina mwenyewe. Kisha likaondoka. Bwana mmoja aliyesimama nyuma yake akainama kumnong'oneza, naye akamzuia kwa mkono bila kugeuka. Akaweka kikombe chini. Alisema neno moja fupi, halafu akaongeza mengine polepole, akimwangalia Dina na si Peniel.

"Anasema, bado," Peniel akasema. "Mwambie mama yako, bado sijalia. Nilisema nitalia jioni nikirudi, na jioni kulikuwa na wageni. Nikasema Jumapili. Mwaka wa pili sasa. Anasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Mwambie mama yako akiamka kwamba namshukuru."

Dina aliona mkono wa yule mwanamke umeshika wake, na hakujua umeshikwa tangu lini. Ulikuwa wa baridi. Akamwambia kimoyomoyo, ondoka, dada, nakuomba ondoka, nisije nikawa kama wewe. Alimwonea huruma kiasi cha kumwogopa.

Waliondoka saa saba kasoro dakika kumi. Alute alisimama barabarani mpaka gari la mwisho likapinda, kisha akamgeukia Dina, akavua kofia. Dina akatembea. Wanawake walimwita aje wagawane vitumbua vilivyobaki, hakugeuka.

Bibi Amne alifungua mlango. Alikuwa amemlaza mama vizuri, amemvika kile kitenge cha sare, amemfunga kidevu kwa kitambaa cheupe. Uji ulikuwa bado kwenye bakuli, umeganda.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Haya, mwanangu. Lia sasa."

Dina alisimama kando ya kitanda, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akavuta pumzi, akafungua tena. Koo lilikuwa kavu na kimya, na uso wake, alihisi kwa vidole, ulikuwa bado umekaa vilevile ulivyokaa benchini, mashavu yamepanda. Akayashusha kwa mikono. Yakarudi.

"Bibi Amne," akasema, "hakiji. Nilikimeza, hakiji tena."

Amne alisogeza kigoda, akamkalisha, akamwekea mkono wa mama yake mapajani. Ulikuwa umeshakuwa mgumu. Dina aliutazama ule mkono ambao nusu ya kijiji ilipita juu yake kuja duniani, na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, alifanya kile alichozoea kufanya kila jioni. Akamsomea mama habari.

"Mama," akasema, "rafiki yako leo kaweka jiwe la nyumba yetu. Kavaa viatu vya chini. Kanywa chai, kashika watoto, shingo kaishika vizuri. Swali lako nimemuuliza." Akatulia, kama mama angeweza kudakia. "Amesema bado, mama. Mpaka leo bado. Amesema ukiamka nikwambie..."

Hapo ndipo kilipotoka. Kilitoka kikiwa na saa tano zote ndani yake na miaka kumi na moja ya Rahel juu, kikavuka ua, kikavuka mashamba ya alizeti yaliyovunwa, kikawafikia wanawake pale zahanati na vitumbua mikononi. Wakaviacha. Wakaja mbio wakiwa wamevaa sare zao mpya, wakilia wanavyokuja, na Alute mbele yao, kofia mkononi.

Bibi Amne peke yake ndiye aliyeangalia saa ya ukutani, akaitia moyoni, ili siku Dina akijiuliza apate wa kumwambia. Ilikuwa saa saba na robo mchana.