Kamba ya Swabir

Huko Kinango ukinunua ng'ombe huondoki na kamba ya mwenyewe. Anayeuza anavua yake, anayenunua anavisha yake, yamekwisha. Hata ng'ombe akianguka hapo hapo akafa, kafa wa mnunuzi. Mzee Garama aliwaona baba yake na babu yake wakiuza hivyo, na hakuna aliyedai karatasi.

Sasa Swabir, mwenye bucha pale Kona ya Musa, Ukunda, alikuja na vyote viwili, kamba na karatasi. Alimvisha fahali wa Garama kamba mpya ya buluu, akatoa elfu ishirini, akasema arobaini zilizobaki atazileta kesho, atakapokuja na pikapu kumchukua. Kisha akatoa karatasi na wino. Garama, ambaye kusoma hakujaliwa, akatia kidole gumba.

"Imeandikwa nini?" aliuliza mkewe, Kahaso.

"Ni ya biashara tu, mama," alisema Swabir, akacheka kwa upole kabisa.

Zile ishirini hazikulala nyumbani. Katika ng'ombe kumi na wanne ukame ulikuwa umemwachia Garama huyo fahali, na Kijivu, na ndama wa Kijivu wa wiki mbili. Alimuuza fahali ili Kijivu ale, apate maziwa ya kumlea mwanawe mpaka mvua. Basi jioni ile ile akanunua marobota ya nyasi kavu, akajisikia mtu tena.

Asubuhi fahali hakuinuka. Tumbo limejaa kama ngoma, povu mdomoni. Garama akapiga simu.

"Bwana Swabir, ng'ombe wako mgonjwa. Nimchinje?"

"Wewe uchinje? Kitakuwa kibudu hicho, nani atakula Ukunda?"

"Basi nimwite jirani yangu Mwero, ni Muislamu, atamchinja kihalali."

"Mzee, ng'ombe ni wangu. Asiguswe na kisu cha mtu. Nisubirini, naja."

Kahaso alisema mchinje tule hata sisi, njaa haina dini. Garama akakataa. Mali ya watu hiyo, na mwenyewe keshasema. Akakaa naye, akimfukuzia nzi, akimwambia maneno ya kumtuliza kama mtu anavyomwambia mtoto. Adhuhuri ikapita. Fahali akafa, na Swabir akafika alasiri na pikapu, kaoga, kanukia.

"Shikamoo mzee. Pole kwa hasara."

"Marahaba. Hasara si yako?"

Swabir akafungua karatasi, akasoma taratibu. "Mali itakuwa ya mnunuzi ikishapakiwa garini. Kabla ya hapo, lolote ni juu ya muuzaji. Kidole chako si hiki?"

"Lakini asubuhi umesema ng'ombe wako."

"Nimesema. Imeandikwa wapi?"

"Na kamba yako je? Si hiyo shingoni?"

Swabir akainama, akauvua mzoga kamba, akaipangusa povu kwa suruali ya Garama. "Ahsante kwa kunikumbusha. Hii nilinunua mia tatu. Haya, ishirini zangu."

Garama akatazama marobota. Swabir naye akatazama, kisha akamtazama Kijivu.

"Huyu wa ukame hafiki hata kumi na tano. Lakini wewe mzee wangu, nitakuhesabia ishirini."

Akaandika karatasi nyingine palepale, juu ya boneti. Safari hii Garama aliomba asomewe. Akasomewa yote, neno kwa neno: ng'ombe mmoja jike, rangi ya kijivu, pembe moja imevunjika. Hakuona pa kushika kosa. Akatia kidole.

Walipokwisha kumpakia, Garama akambeba ndama mpaka garini.

"Huyo wa nini?" aliuliza Swabir.

"Bado ananyonya, bwana. Mchukue naye, bure. Hapa atakufa."

"Kwenye karatasi hayumo," alisema Swabir, akawasha gari.

Kijivu alilia mpaka barabara kuu. Kahaso akamtia ndama vidole mdomoni ili anyamaze, akanyamaza kidogo.