Teke la Mbuzi wa Salad

Salad ndiye aliyenitaka niwe shahidi wake. Alikuwa amechinja mbuzi katika machinjio ya Kiamaiko kwa miaka kumi na tisa, na mchana huo kamati ya wafanyabiashara ilikuwa ikiamua kama kisu chake kingeendelea kuaminiwa.

Asubuhi, mbuzi mmoja alishushwa kutoka kwenye lori la Moyale akiwa amelegea. Salad alimchinja. Mnunuzi akadai kwamba kilichochinjwa ni mzoga, na mzoga ni haramu hata ukitajiwa jina la Mungu. Salad akakana: mbuzi alirusha teke mara mbili baada ya kisu kupita. Watu wanne waliliona teke hilo.

"Muulizeni mwalimu," alisema. "Yeye anaijua stima iliyo ndani ya nyama."

Mimi hufundisha biolojia katika shule iliyo ng'ambo ya barabara. Vyura ni vigumu kupata, kwa hiyo kwa miaka sita nilinunua kwa Salad mguu wa mbuzi aliyechinjwa dakika hiyo hiyo. Niliugusa mshipa wa fahamu kwa shaba na zinki, zinazozalisha umeme kidogo, papo hapo, kuhakikisha bado unafanya kazi kabla ya kuupeleka darasani. Mguu uliruka. Kila mara Salad aliwaita wenzake: "Njooni mwone! Mwalimu ameurudishia roho!"

Hata Galvani, mwanasayansi aliyeona miguu ya vyura waliokufa ikiruka huko Bologna, Italia, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, alidhani amegusa kiini cha uhai. Nililijua kosa hilo vizuri. Sikumsahihisha Salad; kila mara kipindi changu kilikuwa karibu kuanza.

Patrobas, anayeuza supu ya vichwa langoni, alipaza sauti. "Salad, si ungemchomeka tu kwa soketi! Mbuzi achajiwe kwanza!"

Watu walicheka. Mwenyekiti wa kamati hakucheka.

"Mwalimu, teke ni ushahidi wa uhai?"

"Hapana. Kisu kikigusa uti wa mgongo, mguu unaweza kuruka dakika kadhaa baada ya mnyama kufa."

Salad alinitazama, akingoja niendelee.

"Kwa hiyo alikuwa amekufa?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijui. Teke halithibitishi uhai wala kifo."

"Mmesikia?" Salad aliwageukia wengine. "Hajui! Hajasema nimechinja mzoga!"

"Hajui," mwenyekiti alikubali. "Basi ni shaka. Na chenye shaka sisi tunakiacha." Akanyoosha mkono. "Lete kisu."

"Mzee wangu, miaka kumi na tisa."

"Ndiyo maana nakuomba kwa heshima. Lete."

Salad alikiosha kwanza, akakifuta, akamkabidhi mwenyekiti akitanguliza mpini. Kisha akanijia. Hakuwa na hasira, na ningependelea angekuwa nayo.

"Mwalimu, miaka sita unanisikia nikisema ile ni roho. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa nimekwisha kujua. Mtu anaulizaje kitu anachokijua?"

Alivua aproni yake yenye damu, akaikunja kwa uangalifu, kona kwa kona, kama nguo ya kuvaliwa kesho.